Tatuu mbaya haifutwi kwa ganda la korosho

Leo naomba tuongelee tatuu. Najua kuna wazee watakaoguna, lakini nendeni kijiweni hapa Nambambo saa za jioni, waambieni vijana wakunje mikono ya mashati. Mtaona mambo. Majina ya mademu walioshaolewa na watu wengine, simba anayefanana na paka wa jirani, nanga iliyopinda. Sisemi kwa kucheka, maana na mimi nimo.

Yangu nilichorwa mwaka niliomaliza Form Four. Mchoraji alikuwa mshkaji tuliyesoma naye, vifaa ni sindano ya kushonea, uzi na wino wa kalamu. Nilitaka neno SUBIRA kwenye mkono. Nikaja kugundua kesho yake kwamba nina SUBRIA. Na baada ya muda herufi zikavimba zikatanuka, sasa hivi mtu akisoma anadhani ni jina la dawa.

Kilichonifanya niandike ni dogo mmoja wa mtaani kwetu. Aliona tangazo la ajira za Polisi, akasoma masharti, akakuta waombaji hawatakiwi kuwa na alama ya tatuu mwilini. Uhamiaji nao matangazo yao yamekuwa na sharti hilo hilo. Dogo ana jina la msichana kwenye mkono. Akashauriwa na watu wa kijiweni apake mafuta ya ganda la korosho, eti yanababua ngozi na wino unatoka wote. Akapaka. Wiki nzima mkono umevimba na malengelenge, usaha ukaja, homa juu. Kidonda kimepona, limebaki kovu nene limeinuka kama kamba. Na wino? Bado unaonekana pembeni ya kovu. Sasa ana vitu viwili vya kuficha.

Jamani, sisi watu wa Nachingwea na Ruangwa hatuna sababu ya kutolijua hili. Kina mama wanaobangua korosho hujipaka mafuta au majivu mikononi kabla ya kazi, na bado wanaungua. Yale mafuta ya ganda yana asidi kali, ni jamii moja na sumu ya mimea inayobabua watu huko Marekani. Kinachochoma mikono ya mbanguaji mzoefu hakiwezi kuwa dawa ya ngozi yako.

KWA NINI HAITOKI?

Ngozi ina tabaka. Lile la juu hujibadilisha lenyewe kila baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana hina hufutika. Sindano ya tatuu inapita hilo la juu, inaweka wino kwenye tabaka la pili. Pale chembe za ulinzi za mwili zinaumeza ule wino kama mgeni, lakini haziwezi kuumaliza, basi zinabaki nao hapo. Chembe zikifa, nyingine zinaudaka. Kwa hiyo ukipaka asidi ya betri, jiki, chumvi ya kusugulia au korosho, unaunguza kwanza ngozi nzima ya juu ndipo uufikie wino. Ukiufikia tayari una kidonda kirefu, na sisi watu weusi ngozi zetu zina tabia ya kutengeneza makovu yanayovimba. Madaktari wanayaita keloidi.

NJIA ZA KWELI NI TATU

Ya kwanza ni kuichorea juu. Mchoraji mzuri anachukua ile mbaya anaificha ndani ya mchoro mpya. Lakini elewa: mpya lazima uwe mkubwa zaidi, mara nyingi mara mbili au tatu ya wa zamani, na uwe mweusi zaidi, kwa sababu wino hafifu haufuniki wino mzito. Na hii haikusaidii kwenye ajira za vyombo vya ulinzi, maana tatuu inabaki tatuu.

Ya pili ni kurekebisha. Kama tatizo ni mstari uliopinda au rangi iliyofifia, fundi anaweza kunyoosha. Yangu ya SUBRIA haiingii hapa, herufi hazihamishiki.

Ya tatu ni mashine ya leza hospitalini au kliniki. Mwanga wake unavunja wino vipande vidogo, halafu mwili wenyewe unavibeba taratibu. Siyo siku moja. Unarudi mara nyingi, kila baada ya wiki 6 hadi 8 au zaidi, na unalipia kila mara. Wino mweusi hutoka kwa urahisi kuliko kijani na njano. Kwa ngozi nyeusi muulize mtaalamu kama anatumia leza ya Nd:YAG yenye nanomita 1064. Nyingine zinaweza kukuachia mabaka meupe. Anza kwa daktari wa ngozi, siyo kwa saluni. KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na madaktari waliopita pale wapo kwenye hospitali mbalimbali. Ukienda hospitali ya wilaya, omba rufaa.

Zote tatu zinahitaji tatuu iwe imepona kabisa kwanza. Kidonda kibichi hakiguswi.

WAZEE WETU WALIJUA

Kuna bibi zetu bado wana chale usoni, hasa wenye asili ya Kimakonde. Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, akaandika kitabu kilichotoka 1908 akieleza chale na ndonya za watu wa huku kusini. Chale za Kimakonde zilikatwa kwa kisu kidogo, halafu zikapakwa masizi ya mbegu za mbarika mpaka zikawa na weusi wa kibuluu. Kazi ilifanywa na fundi anayejulikana, na mchoro ulirudiwa zaidi ya mara moja ndipo ukolee. Zile chale zilisimama miaka 60 usoni bila kupinda.

Sisemi turudi kwenye kisu, maana kisu kimoja kupita kwa watu wengi ndiyo njia ya magonjwa yenyewe. Ninachosema, watu wale walimjua fundi wao kabla hajawagusa. Sisi tunachorwa saa tano usiku na mtu tuliyekutana naye kwenye gulio.

UTAMJUAJE MCHORAJI MZURI?

1. Akuonyeshe picha za kazi zilizopona, siyo zilizochorwa leo, na ziwe kwenye ngozi nyeusi kama yako. Tatuu ya leo zote zinapendeza.

2. Afungue sindano mpya kwenye pakiti mbele ya macho yako. Kuipitisha kwenye mshumaa au kuichemsha kwenye sufuria haitoshi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Ukimwi na homa ya ini aina ya C navyo hupita kwenye sindano ya kuchangia.

3. Avae glavu mpya, amimine wino kwenye kikombe kidogo chako peke yako, na unaobaki aumwage. Wino wa kalamu au wa printa, ondoka.

4. Aweke mchoro kwa karatasi kwenye ngozi kwanza, usome herufi moja moja. Hapa ndipo mimi nilipoangukia.

5. Akuulize kama una sukari, kama unatumia dawa, kama makovu yako huvimba. Akikataa kumchora mlevi au mtoto wa shule, huyo ni fundi, mshike.

Ukishachorwa, osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, usibandue magamba, usiogelee mtoni, kinga jua. Ngozi ya juu hupona kama wiki 2 hadi 4. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya meno na majivu acha jikoni.

Na kama unataka urembo wa harusi tu, hina ya majani inatosha. Piko ile nyeusi tii ni dawa ya nywele, ina kemikali ya PPD inayoweza kuunguza ngozi na kuacha alama.

Kwa wadogo zangu walioko Form Three na Four: kama una ndoto ya kuvaa magwanda, usichore hata nukta. Sharti la tangazo halimuulizi mtu kama alikuwa mtoto siku ile.

Mimi yangu nimeamua kuiacha kwanza. Nimeweka nia ya kwenda kwa daktari wa ngozi nikipata nauli na muda, taratibu. Neno lenyewe si lilikuwa hilo hilo, ila lilikosewa herufi. Dogo naye nimemwambia aende na lile kovu hospitali ya wilaya kabla halijakua zaidi. Amekubali.

Mwenye uzoefu wake aweke hapo chini, hasa mliowahi kwenda kufuta kwa leza. Nawasilisha.