Usizibe nyufa za baraza kabla ya kuitibu ardhi iliyo chini

Na MWANDISHI WETU

MVUA ikishapita Bisil, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Namanga katika Kaunti ya Kajiado, kasoro moja hujitokeza mbele ya nyumba nyingi. Baraza la mawe, ile sakafu ya nje ambapo familia huketi jioni na kupokea wageni, huwa limeharibika. Jiwe hili limezama, lile limeinuka, na katikati yake maji yametuama.

Kwa kijana mwenye macho mazima huo ni usumbufu tu. Kwa nyanya anayetembelea mkongojo, ni hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Isitoshe, baraza lililoinamia upande wa nyumba huyaelekeza maji kwenye msingi, na hapo hasara ya sakafu hugeuka kuwa hasara ya ukuta.

Aghalabu mwenye nyumba humwita fundi amwage simiti kwenye nyufa, au atandaze tabaka jipya la zege juu ya mawe ya zamani. Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta imewaponza wengi katika jambo hili. Ufa wa baraza ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe umo ardhini.

Ardhi inayovimba na kunywea

Sehemu kubwa ya nyanda za Kitengela na Isinya imetandwa na udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hunyonya maji ukavimba, kisha hunywea na kupasuka unapokauka. Ukielekea kusini hadi Bisil, utakuta pia udongo mwekundu wenye mchanga, ilhali mweusi hujikusanya zaidi mabondeni.

Kila aina ina ila yake. Udongo mweusi huyasukuma mawe juu wakati wa mvua na kuyaangusha wakati wa kiangazi. Ule mwekundu hauvimbi sana, lakini maji yakipenya huchukua chembechembe zake na kuacha mashimo chini ya mawe. Mchwa na mizizi ya miti huongeza madhara.

Miaka ya hivi karibuni iliijaribu ardhi hii vikali. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020, ilifuata mvua ya El Nino mwishoni mwa 2023, kisha mafuriko ya 2024. Udongo uliokuwa umekauka hadi ndani kabisa ulilowa ghafla. Baraza lililojengwa moja kwa moja juu ya udongo wa namna hiyo halingeweza kusalimika.

Chunguza kabla ya kubomoa

Uchunguzi hauhitaji mitambo. Mwaga ndoo kadhaa za maji barazani na utazame yanakokimbilia. Gonga kila jiwe kwa mpini wa nyundo. Likitoa mlio wa kitu kitupu, jua chini yake pana uwazi. Laza ubao ulionyooka juu ya mawe, uweke pimamaji juu yake, uone mahali palipobonyea.

Iwapo mawe mawili au matatu tu ndiyo yaliyolegea, yang'oe hayo peke yake na kuyapanga upya. Iwapo sehemu kubwa inapanda na kushuka, hapana budi kuling'oa baraza zima.

Fukua, jaza, shindilia

Kabla ya kung'oa, yatie mawe nambari kwa chaki na upige picha kwa simu ili kila jiwe lirudi mahali pake. Yainue taratibu kwa mtaimbo, ukiweka kipande cha ubao chini yake ili kingo zisimeguke. Mawe bapa ya mazeras, yaliyopewa jina la mji wa Mazeras ulio karibu na Mombasa, yanaweza kutumika tena yakikwanguliwa simiti ya zamani.

Kisha chimba. Penye udongo mweusi, ondoa angalau sentimita 30, na zaidi ikiwa tabaka hilo ni nene. Jaza moramu badala yake. Usiimwage yote kwa mkupuo: tandaza tabaka la sentimita 10 hadi 15, linyunyizie maji kiasi, lishindilie hadi liwe gumu, ndipo uongeze jingine. Fundi anayeruka hatua hii anakutayarishia kazi ile ile mwaka ujao.

Juu ya moramu, tandaza mchanga wa sentimita 3 hadi 5, kisha upange mawe kwa kufuata uzi. Baraza lishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita moja, kutoka ukutani kuelekea nje. Yagonge mawe kwa nyundo ya mpira mpaka yakae sawa.

Penye udongo unaovimba, ni heri kujaza mianya kwa mchanga au kokoto ndogo kuliko simiti. Mianya ya namna hiyo huyaachia mawe nafasi ya kucheza bila kupasuka, na jiwe likizama huinuliwa kwa urahisi. Acha pia mwanya mwembamba kati ya baraza na ukuta ili baraza likisogea lisiusukume ukuta.

Yapeleke maji kwenye tangi

Kazi hii yote itakuwa bure ikiwa maji ya paa yataendelea kudondoka barazani. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita mraba 50 ni takriban lita 500 za maji. Yakitiririkia barazani, yanabomoa. Yakipitia kwenye mlizamu hadi kwenye tangi, ni akiba katika kaunti ambako wengi hununua maji ya boza au ya mkokoteni wa punda.

Msimu nao una uzito wake. Udongo mweusi uliokauka na kupasuka utavimba mvua ikirejea, na uliolowa chepechepe utanywea baadaye. Wakati unaofaa ni wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, mathalani mwezi wa Juni baada ya masika, udongo ungali na unyevu wa wastani.

Kuyatumia tena mawe na mchanga wa zamani ulio safi kuna faida nyingine. Mchanga mwingi wa ujenzi hutoka kwenye mito ya msimu, nayo ikichimbwa kupita kiasi hupoteza uwezo wa kuhifadhi maji ambayo watu na mifugo hutegemea wakati wa kiangazi.

Basi kabla ya kupatana bei na fundi, muulize maswali mawili: atachimba kina gani, na maji yataelekea wapi? Akianza kwa kukutajia idadi ya mifuko ya simiti, tafuta mwingine.