MALEZI: Jina 'Montessori' langoni halitoshi, mzazi aketi darasani ajionee

Katika miji mingi humu nchini, si ajabu kuona bango la shule ya chekechea lililoandikwa neno Montessori kwa herufi kubwa. Wazazi wengi hulichukulia neno hilo kuwa hakikisho la elimu bora, wakalipa karo bila kuuliza mengi. Kumbe kuliandika langoni si kazi ngumu. Nchini Marekani, kwa mfano, jopo la kuamua kesi za alama za biashara lilisema mwaka wa 1967 kwamba jina hilo ni la mfumo wa elimu na haliwezi kuwa mali ya shirika moja. Shule inayoufuata mfumo huo kikamilifu na ile iliyonunua vifaa vichache vya mbao zinaweza kutumia jina lilo hilo.

Ndiposa mzazi anashauriwa kwenda kuketi darasani na kutazama kabla ya kumsajili mwanawe. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kueleza kwa nini analia kila asubuhi anapopelekwa shuleni. Macho ya mzazi ndiyo shahidi wake.

Mfumo wenyewe ulianzia katika kuwatazama watoto. Maria Montessori, daktari aliyezaliwa Italia mwaka wa 1870, alifungua kituo chake cha kwanza mnamo Januari 6, 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa watu maskini jijini Rome. Watoto waliofika hapo walikuwa wa vibarua waliolazimika kuwaacha nyumbani ili kwenda kazini. Aligundua kwamba mtoto mdogo akiachiwa kuchagua kazi inayolingana na umri wake, huifanya kwa makini na kwa muda mrefu kuliko watu wazima wanavyodhani.

Ziara ya aina hii ina adabu zake. Mzazi huomba siku mapema, akafika asubuhi wakati kazi inapoanza, wala si siku ya sherehe ambapo kila kitu kimepambwa. Huzima simu, akaketi kwenye kiti kifupi pembeni na kunyamaza. Hamsaidii mtoto anayehangaika na kifungo cha shati, wala hamsifu aliyefaulu. Mtoto akimuuliza anafanya nini, jibu fupi linatosha: amekuja kuona wanavyofanya kazi. Dakika kumi za kutembezwa na mwalimu mkuu hazitoshi. Mzazi anahitaji angalau saa moja.

Huenda atakayoyaona yakamshangaza. Madawati hayajapangwa kwa safu na hakuna anayeimbisha herufi ubaoni. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wako katika chumba kimoja, wakubwa wakiwaonyesha wadogo. Mmoja ametandika mkeka sakafuni na kujenga mnara wa vipande 10 vya mbao vya rangi ya waridi, kikubwa kikiwa na upana wa sentimita 10 na kidogo sentimita moja. Mwingine anapitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwa msasa, ili mkono uzoee umbo kabla ya kushika kalamu. Wa tatu anahesabu shanga: moja peke yake, 10 katika kijiti, 100 katika mraba na 1,000 katika mchemraba. Hivyo, elfu moja huwa kitu anachoweza kukibeba mikononi na kuhisi uzito wake.

Kwa kawaida kila kifaa huwa kimoja tu darasani. Anayekitaka husubiri mwenzake akirudishe rafuni, na hapo ndipo hujifunza subira bila kuhubiriwa.

Badala ya kutazama darasa zima, ni vyema mzazi amchague mtoto mmoja na kumfuatilia kwa dakika 20. Je, alichagua kazi mwenyewe? Aliimaliza? Aliirudisha mahali pake? Kisha amtazame mwalimu. Mtoto akimwaga maji sakafuni, mwalimu aliyefunzwa vyema hakemi wala hakimbilii kupangusa, kwani kitambaa kimewekwa mahali mtoto anapoweza kukifikia. Tukio dogo kama hilo humfunulia mzazi mengi kuliko maelezo ya ofisini.

Zipo dalili za kutia shaka. Vifaa vimefungiwa kabatini au vimejaa vumbi. Watoto wote wanajaza ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Kengele inalia kila nusu saa, ilhali mfumo huu hutaka asubuhi iwe na takriban saa tatu za kazi isiyokatizwa. Kiboko kikionekana, hapo hakuna tena mjadala wa Montessori, kwa kuwa adhabu ya viboko imepigwa marufuku na sheria ya elimu ya mwaka wa 2013.

Baada ya kutazama, mzazi ana haki ya kuuliza. Mwalimu alisomea wapi, na kwa muda gani? Kila mtu mzima anawahudumia watoto wangapi? Shule inaoanisha vipi kazi hizi na masomo ya PP1 na PP2 ya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019? Mtoto atasaidiwaje akihamia Gredi ya Kwanza katika shule ya kawaida, ambako ataketi kwenye dawati na kufuata ratiba?

Ni busara pia kutembelea shule nyingine ya karibu isiyo na jina hilo na kuilinganisha na ya kwanza. Huenda mzazi akakuta huko mwalimu mpole na watoto wanaofanya kazi kwa furaha, kwa karo nafuu. Shule inayokataa kabisa mzazi asiketi darasani hata kwa saa moja, nayo imekwisha kumpa jibu.