Kisasili au Mighani? Asili ya Majina ya Wahusika katika Mchezo wa Kompyuta

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza, kengele ikikaribia kulia, iwapo "Amazon" ni kisasili au mighani. Jina hilo alilitoa katika mchezo wa kompyuta uitwao Diablo II, uliotolewa mwaka wa 2000. Humo mchezaji huanza kwa kuchagua mmoja wa wahusika hawa: Amazon, Barbarian, Necromancer, Paladin au Sorceress. Swali lake si la mzaha. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuchanganya tanzu hizi mbili.

Amazon ni wanawake wapiganaji katika masimulizi ya Wayunani. Malkia wao Penthesilea, aliyeuawa na Achilles huko Troy, alisemekana kuwa bintiye Ares, mungu wa vita. Miungu inapohusishwa na asili ya watu namna hii, tumo katika kisasili. (Lile dai kwamba walikata titi moja ili wavute upinde lilizuliwa kutokana na mlio wa jina. Wachoraji wa Kiyunani waliwachora na yote mawili.)

Paladin hana uhusiano na miungu. Neno lenyewe linatokana na kilima cha Palatino, Roma, yalikokuwa makasri ya makaisari. Baadaye wakaitwa hivyo mashujaa kumi na wawili wa mfalme Charlemagne. Mmoja wao, Roland, anatajwa na Einhard, mwandishi wa wasifu wa mfalme huyo, miongoni mwa waliouawa na Wabaski milimani Roncevaux mwaka wa 778. Kufikia karne ya 11 wasimulizi walikwisha kuwageuza Wabaski hao kuwa jeshi kubwa la Waislamu. Mtu wa kihistoria, kisha chuku: hiyo ni mighani, sawa na ya Fumo Liyongo.

Barbarian si kisasili wala mighani. Ni tanakali ya sauti, kwani Wayunani walisikia lugha za wageni kama "bar bar" tu. Sorceress ni mchawi wa kike, basi.

Necromancer ndiye aliyepotoshwa zaidi. Kwa Kiyunani, nekros ni maiti na manteia ni uaguzi. Odysseus aliwaendea wafu ili mzimu wa Tiresias umweleze safari ya kurudi kwao, wala hakuwafufua wampiganie. Mchezo umemfanya mwaguzi kuwa jemadari wa mifupa. Mwanafunzi wangu alikubali maelezo yote isipokuwa haya. Bila mifupa, alisema, nani atamchagua?