Besi inayovimba ndani ya futi kumi kwa kumi

Swali limetoka Kidatu, katika bonde la Kilombero. Msomaji mmoja alijinyima kwa muda mrefu, akanunua jozi ya spika za bei kubwa zilizotumika Ulaya, akazipanga kwenye kona mbili za chumba chake na kukaa kitandani, mgongo ukiegemea ukuta wa upande wa pili. Akaweka nyimbo za Morogoro Jazz za enzi za Mbaraka Mwinshehe. Analalamika kwamba besi inavimba: noti mbili zinafunika hadi gitaa la solo, ilhali noti za jirani yake hazisikiki vizuri. Anataka kujua kama auze spika, abadilishe amplifaya au aongeze sabufa.

Asifanye lolote kati ya hayo kabla hajachukua futikamba na kipande cha chaki.

Wati, unene wa waya na rangi ya mbao havitaguswa hapa, maana wauzaji huvieleza mpaka koo likauke. Jambo lenye utamu ni chumba chenyewe. Futi kumi kwa kumi ndicho kipimo ambacho fundi wa Kitanzania hukitaja bila kufikiri, na kwa mita ni 3.05 kila upande. Mchana wa kawaida wa bonde la Kilombero, joto likiwa nyuzi 30, sauti husafiri mita 349 hivi kwa sekunde. Ikitoka ukuta mmoja, ikagonga wa pili na kurudi, imetembea mita 6.1. Gawanya 349 kwa 6.1, unapata 57. Kwa hiyo sauti inayotikisika mara 57 kwa sekunde, yaani hezi 57, inarudi ilikoanzia wakati uleule spika inaposukuma tena. Msukumo mpya unaupanda mgongoni ule wa zamani, unaofuata unaupanda huo, na kadhalika, mpaka vioo vya dirisha vinaanza kulalamika.

Kila aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani anaijua fizikia hii kwa shingo yake. Maji ndani ya ndoo ya lita 20 yana mwendo wao wenyewe: yakisukumwa, huyumba karibu mara mbili kwa sekunde, wala hayasikilizi maombi ya anayeyabeba. Bahati mbaya, hatua za mtu anayetembea haraka nazo ni karibu mbili kwa sekunde. Kila hatua inayakuta maji yakiwa tayari kwenda kule inakoyasukuma. Baada ya hatua kumi maji yanamwagika begani, ingawa hakuna hatua hata moja iliyokuwa na nguvu ya kuyamwaga. Anayejua kubeba hubadili mwendo, akafupisha hatua au akazirefusha, na maji yanatulia. Hajapunguza nguvu. Ameacha tu kuitikia wito wa ndoo.

Sasa ndoo hiyo itazamwe kwa makini zaidi, maana siri yote ya kupanga spika imo humo. Maji yanapoyumba, kingo mbili ndizo zinazopanda na kushuka: upande huu ukiinuka, wa pili unazama. Katikati ya ndoo kina hakibadiliki. Lakini hapohapo katikati ndipo maji yanapokimbia zaidi, yakienda kulia na kushoto, kwa kuwa yote yanayojaza ukingo mmoja lazima yapite hapo. Kingoni kuna kupanda bila kukimbia. Katikati kuna kukimbia bila kupanda. Weka hewa mahali pa maji na mgandamizo mahali pa kina, umepata chumba cha Kidatu. Ukutani hewa inabanwa na kuachiwa mara 57 kwa sekunde, na sikio, ambalo husikia mgandamizo, linapata besi ya kupasua kifua. Katikati ya chumba hewa inakwenda mbio huku na huko, lakini mgandamizo haubadiliki, na sikio linapata ukimya. Msomaji wetu amekaa ukingoni mwa ndoo.

Wimbi hili liitweje? Shule za sekondari za Tanzania hufundisha fizikia kwa Kiingereza, kwa hiyo neno la Kiswahili halijapata nafasi ya kuzoeleka midomoni. Mtu anaweza kupendekeza wimbi tuli, lakini tuli ni maji ya mtungini, na hapa hakuna kilichotulia. Wimbi simamizi lina sura ya nyapara shambani. Mwangwi haufai: mwangwi huenda, ukakawia, kisha ukarudi ukiwa wa pekee, kama mtu anayeita bondeni akajibiwa na mlima. Mvumo nao una mwenyewe. Ni wa Maporomoko ya Sanje, pale Udzungwa, ambako maji hushuka mita 170 na kutoa sauti za kila namna kwa pamoja, nzito na nyembamba. Wimbi la chumbani halivumi hivyo. Linachagua noti moja na kuibembeza kutoka ukuta hadi ukuta. Makala haya yataliita wimbi bembezi, kutoka bembea ya watoto, kwa sababu bembea nayo huinuka ncha hii na ncha ile, ikapita katikati kwa kasi. Wapo watakaosema neno linasikika kama la kumbembeleza mtoto. Na lisikike hivyo. Ukoo wa maneno haya ni mmoja, na kazi ya kurudiarudia kwa upole mpaka jambo litokee ndiyo hasa inayofanyika humo chumbani.

Chumba cha mraba kina balaa yake. Urefu ukiwa sawa na upana, mawimbi bembezi mawili, moja la mbele na nyuma, jingine la kulia na kushoto, yanaangukia hezi 57 zilezile. Kimo cha mita 2.7 kinaongeza la tatu karibu na hezi 65. Uzi wa pili kutoka chini kwa sauti kwenye gitaa la besi, ukiachwa wazi, hutoa hezi 55. Ukibanwa hatua ya kwanza kwenye shingo, hutoa hezi 58. Hizo ndizo noti mbili zinazovimba katika barua ya Kidatu. Uzi mnene kabisa, wenye hezi 41, hauna wimbi la kuubeba, ndiyo maana unasikika kama umepigwa nyumba ya jirani. Mpiga besi hana kosa, na aliyerekodi hana kosa. Hata umeme unaotoka kwenye mitambo minne ya bwawa la Kidatu, megawati 204 kwa jumla, hupishana mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo amplifaya yenye ubovu kidogo hunguruma jirani kabisa na noti ambayo chumba hicho kinaipenda.

Dawa ya kwanza haina gharama, na ni nzuri mno kiasi kwamba inastahili kuelezwa polepole.

Chukua ndoo ile ya maji iliyotulia. Bonyeza uso wa maji kwa kiganja kimoja ukingoni: maji yanayumba. Sasa bonyeza kwa viganja viwili, kimoja kila upande, kwa wakati mmoja na nguvu sawa. Maji hayayumbi. Ili yayumbe, ukingo mmoja ungepaswa kupanda wakati mwingine unashuka, na viganja viwili vinavyokubaliana haviruhusu hilo. Spika mbili zinazopiga besi ileile, kwa umbali sawa kutoka kuta za pembeni, ni viganja hivyo viwili. Wimbi bembezi la kulia na kushoto linanyimwa mahali pa kuanzia.

Umbali wenyewe una maana. Spika zikiwekwa robo kwa robo, yaani kila moja sentimita 76 kutoka ukuta wake wa pembeni na mita 1.52 kati yao, hesabu inatoa zawadi. Wimbi la kwanza, la hezi 57, linafutika kwa sababu spika mbili zinapingana juu yake. La pili, la hezi 114, halichochewi, kwa kuwa robo ndipo penye katikati yake, mahali pasipo mgandamizo. La tatu, la hezi 171, linafutika kama la kwanza. Mawimbi matatu ya upana yameondoka kwa kusogeza masanduku mawili kutoka kwenye kona. Ni la nne tu, karibu na hezi 229, linalobaki, nalo liko juu kiasi cha kumezwa na pazia, nguo na matandiko.

Zawadi hii inawafaa hasa wapenzi wa dansi la zamani. Ili viganja vikubaliane, spika zote mbili lazima zitoe besi ileile, na rekodi nyingi za miaka ya 1960, zikiwemo za Radio Tanzania Dar es Salaam, ni za mono: kila spika hupata kila kitu. Kile ambacho wengine hukiita upungufu wa kanda za zamani kinageuka kuwa msaada kwa mwenye chumba kidogo.

Wimbi la mbele na nyuma halidanganyiki hivyo, kwa kuwa spika zote mbili ziko upande mmoja wa ndoo. Hapo anayehama ni msikilizaji. Akikaa ukutani anapata hezi 57 zikiwa zimejaa. Akikaa katikati kabisa anazikosa. Mahali pazuri ni mita 1.16 kutoka ukuta wa nyuma, ambapo mgandamizo wa wimbi hilo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya ule wa ukutani. Chumba kitaonekana cha ajabu, kiti kikielea karibu na katikati na kitanda kikisukumwa pembeni. Ndivyo kilivyo chumba cha kusikilizia.

Wabebaji maji wana mbinu nyingine: huweka tawi la majani juu ya maji. Majani hayazuii maji kwa uzito. Maji yanapoyumba, yanapenya kati ya majani, yanakwaruzana nayo, na nguvu ya kuyumba inaishia humo. Godoro la sponji au mito ya sufi hufanya kazi hiyo kwa hewa. Lakini majani hufaa pale maji yanapokimbia, na hapa ndipo wengi hukosea: huligandamiza godoro ukutani, mahali ambapo hewa haiendi popote. Huko linameza sauti nyembamba tu, chumba kinakuwa na giza la sauti na besi inabaki palepale. Liondolewe ukutani, lisimamishwe kuikata kona kwa mshazari, pabaki nafasi nyuma yake, na likiwezekana yawe mawili. Halitaimaliza besi ya hezi 57, lakini litaifupisha.

Kuhusu spika zenyewe, chumba kama hiki kinadai ndogo na nzuri. Mfano bora una zaidi ya miaka 40. BBC ilikuwa ikijenga mifano midogo ya studio, moja kwa nane ya ukubwa halisi, ili ijaribu sauti zao kabla ya kumwaga zege, na kwa kazi hiyo ilihitaji spika ndogo yenye usahihi mkubwa. Kutokana na hiyo, katikati ya miaka ya 1970, ikazaliwa LS3/5A, sanduku la kimo cha sentimita 30 lililokusudiwa kutumika ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambayo ni finyu kuliko chumba cha futi kumi. Sanduku lake limezibwa pande zote, halina tundu la kupumulia, na besi yake hupungua taratibu. Wahandisi waliinyanyua kidogo sauti iliyo kati ya hezi 100 na 200 ili sikio liamini kuna besi zaidi ya iliyopo. Spika kubwa yenye tundu, hata iwe ya bei ya shamba, inamwaga nguvu zake palepale chumba kinapoyumba. Aliyekwisha kununua ya namna hiyo anaweza kuliziba tundu kwa soksi safi na kusikia tofauti.

Kwa mtumba wa Ulaya, kitu cha kukagua kwanza ni ukingo laini unaoshika koni. Ukiwa wa sponji, joto na unyevu wa bonde huugeuza unga. Wa mpira hudumu. Na msimu wa kuchoma miwa, masizi yanapoanza kuanguka, spika zifunikwe kitambaa.

Sabufa isubiri. Moja iliyotupwa kwenye kona huyachochea mawimbi yote kwa pamoja. Todd Welti wa kampuni ya Harman alionyesha mwaka 2002 kwamba sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana hulainisha besi ya chumba, nazo ni viganja vilevile viwili. Hesabu zote hizi ni za chumba chenye kuta ngumu na dari. Nyumba ambayo kuta haziifikii bati huvujisha besi na namba husogea, na mlango ulioachwa wazi nao huzisogeza.

Kabla ya kuchora alama za chaki sakafuni, msomaji wa Kidatu apakue kwenye simu programu ya kutoa sauti ya noti moja, aiunganishe na amplifaya na kuiweka hezi 57 kwa sauti ya wastani, huku spika zikiwa bado kwenye kona zao mbili. Aanze kwenye ukuta wa nyuma, atembee taratibu kuelekea katikati. Kuna hatua ambapo sauti itazimika kana kwamba mtu ameng'oa waya, na hatua moja mbele itarudi. Jaribio lifanyike mchana na lirudiwe usiku wa Julai, joto likishuka hadi nyuzi 20: hewa ya baridi hubeba sauti polepole zaidi, na wimbi litakuwa limeshuka kwa hezi moja, hadi 56.