Likizo kubwa: vitu vya kuchezea na vitamu vya kujitengenezea nyumbani pamoja na watoto

Shule zimefunga, kaye zimewekwa juu ya kabati na parsele zimejaa watoto. Wiki ya kwanza ya likizo kubwa ni furaha tupu. Kuanzia wiki ya pili, swali ni moja katika kila nyumba, toka Ndosho hadi Kadutu, toka Butembo hadi Uvira: «Mama, tufanye nini sasa?»

Mzazi akikosa jibu, barabara italitoa. Mtoto atakwenda kucheza mahali pikipiki zinapopita mbio, atashuka ziwani bila mkubwa, au ataingia porini kuokota vyuma. Wazazi wa Kivu wanajua hatari hizo, na wanajua pia kwamba kumfungia mtoto ndani miezi miwili haiwezekani.

Kuna shida nyingine, nayo ni pesa. Tangu vita ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi zimepunguza hata chakula. Ukiwa na mtu wa kulisha bugali mara moja kwa siku, huwezi kufikiria kumnunulia mwanao gari la plastiki. Hata hivyo haki ya kucheza haijafutwa. Imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990. Tena, wazazi na mababu zetu walicheza bila kununua kitu dukani.

Haya hapa mambo machache ambayo mzazi, dada mkubwa au babu anaweza kuyafanya na watoto kwa vitu vinavyopatikana ndani ya parsele au sokoni.

Gari la bidoni na magurudumu ya kambambili

Kila mtu aliyefika Goma anaijua chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba makaa, viazi na mbao toka vijijini. Imepewa hata sanamu kwenye rond-point katikati ya mji. Watoto nao hujitengenezea chukudu ndogo. Kwa wadogo ambao hawajaweza kushika panga, gari la kusukuma ni rahisi zaidi.

Tafuta bidoni ndogo ya mafuta ya kupikia iliyokwisha, kambambili moja iliyochakaa, vijiti viwili vya mwanzi vilivyonyooka na fimbo moja ndefu. Osha bidoni kwa maji ya moto na sabuni. Mkubwa akate upande mmoja wa bidoni, uwe wazi kama sanduku la kamyo, kisha atoboe matundu manne: mawili mbele, mawili nyuma, yakitazamana. Chora duara nne juu ya kambambili kwa kufuata mdomo wa chupa, uzikate, kisha utoboe kila moja katikati. Pitisha vijiti katika matundu ya bidoni na uchomeke magurudumu kwenye ncha. Tundu la bidoni liwe pana kuliko kijiti ili kizunguke, na tundu la gurudumu liwe dogo ili lishike. Wengi hukosea hapo: wanabana kote, kisha gari linakataa kutembea. Mwisho funga fimbo nyuma kwa kamba, mtoto asukume akiwa amesimama.

Acha mtoto apakie mzigo wake mwenyewe: mchanga, mawe madogo, mahindi. Ataanza kukuuzia makaa kabla ya saa sita.

Mpira wa makoa ya migomba

Mpira huu hauna haja ya pampu. Finyanga vitambaa vikuukuu au sashe zilizooshwa, uvifunge viwe donge gumu la ukubwa wa ngumi. Hilo ndilo tumbo la mpira. Zungushia makoa makavu ya mgomba, safu juu ya safu, kila mara ukigeuza upande ili mpira usiwe na kichwa. Sokota makoa mengine kuwa kamba, kisha fuma kamba hiyo kuzunguka mpira kama wavu na ufunge fundo kwa kuliingiza ndani.

Mtoto wa miaka sita anaweza kuzungusha makoa. Wa miaka kumi anaweza kusokota kamba. Makoa yakiwa makavu mno yanakatika, basi yanyunyizie maji kidogo kabla ya kuanza. Faida nyingine ni kwamba sashe zinaondoka kwenye mifereji, ambako huziba maji wakati wa mvua.

Mdoli wa maganda ya mahindi

Mahindi yakimenywa, usitupe maganda yote. Chagua yale ya ndani, laini na marefu, uyaanike kivulini. Siku ya kazi, yaloweke katika maji ya vuguvugu kama dakika kumi ili yasipasuke.

Chukua maganda sita, yapange pamoja na uyafunge kwa uzi karibu na ncha moja. Yageuze yote yaanguke juu ya fundo, kama mtu anayevua shati kwa kulipindua, kisha funga tena chini kidogo. Hapo umepata kichwa na shingo. Kunja ganda lingine kama sigara na ufunge ncha zake: hiyo ni mikono. Iingize chini ya shingo, halafu funga kiuno. Sehemu ya chini ukiiacha wazi ni sketi; ukiigawa mara mbili na kufunga kila upande, ni suruali. Nywele ni ndevu za hindi lenyewe.

Mshonaji wa kartiye hakosi vipande vya kitenge anavyotaka kutupa. Muombe kwa heshima, mdoli apate liputa na kitambaa cha kichwa. Kama hakuna kole, pika uji mzito wa unga wa muhogo, uache upoe: unabandisha karatasi na kitambaa vizuri.

Kisoro cha plato za mayai

Mchezo wa kisoro, ambao wengine huuita igisoro, wazee wetu waliucheza juu ya ubao au katika matundu yaliyochimbwa ardhini. Unahitaji safu 4 zenye matundu 8 kila moja, jumla matundu 32, na mbegu 64.

Muuza mayai atakupa plato mbili za karto zilizo safi. Zianike juani kwanza. Plato moja ina matundu 30, yaani 5 kwa 6. Ya kwanza ikate zibaki safu 4 za matundu 6. Kwenye ya pili kata kipande cha safu 4 za matundu 2. Bandisha vipande hivyo viwili, na ubao wako umetimia. Mbegu ni maharage makavu.

Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake na mbegu 32. Unachota mbegu za tundu moja na kuzipanda moja moja ukizunguka upande wako, huku ukitafuta nafasi ya kuteka za mwenzako. Namna ya kuzipanga mwanzoni na namna ya kuteka hutofautiana toka sehemu moja hadi nyingine, kwa hiyo kazi hiyo ni ya babu. Mpe kiti, mweke mjukuu mbele yake, na usiwaingilie. Mtoto atajifunza kuhesabu, kugawanya na kuona mbele bila kujua kwamba yuko darasani. Na mzee aliyezoea kukaa peke yake ukutani atapata mtu wa kumshinda.

Karanga za sukari

Sasa tuingie jikoni. Kwa karanga za sukari chukua gobele 2 za karanga mbichi, gobele 1 ya sukari, nusu gobele ya maji na chumvi kidogo sana.

Kazi ya kwanza ni ya watoto: kuchambua. Karanga yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyokunjamana itupwe. Ukungu wa karanga unaleta sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na inaharibu ini. Mfundishe mtoto jambo hilo leo, atalibeba maisha yake yote.

Weka vyote katika sufuria juu ya mbabula yenye moto wa wastani, ukoroge kwa mwiko wa mti. Maji yatachemka, yatakauka, kisha sukari itageuka kuwa nyeupe kama mchanga na kushika karanga. Hapo wengi wanafikiri wameharibu. Usitoe. Punguza makaa na uendelee kukoroga. Sukari itaanza kuyeyuka tena na karanga zitang'aa rangi ya kahawia. Mwaga juu ya sinia iliyopakwa mafuta kidogo, uzitenganishe kwa mwiko, usitumie vidole. Sukari iliyoyeyuka inachoma kuliko maji ya moto, kwa hiyo mtoto asikaribie mpaka zipoe kabisa.

Angalisho: mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima. Inaweza kumziba koo. Wake zisagwe.

Vitumbua vya ndizi na muhogo

Ndizi ndogo tamu, zile kamaramasenge, zikiiva sana na ganda kuwa jeusi, sokoni bei yake inashuka. Hizo ndizo tunazozitaka. Menya sita au nane, mpe mtoto aliyenawa mikono aziponde mpaka zisiwe na donge. Ongeza unga wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri, kidogo kidogo, mpaka upate kinyunga kisichoshika mikononi. Usitie maji wala sukari; ndizi inatosha.

Tandaza kinyunga kwenye meza iliyonyunyizwa unga, unene kama wa kidole kidogo, kisha watoto wakate duara kwa mdomo wa gobele. Mkubwa akaange katika mafuta ya moto wa wastani, akigeuza, mpaka viwe vya kahawia pande zote. Mafuta yakiwa ya moto mno, nje itaungua na ndani itabaki mbichi. Vitumbua hivi vinakaa siku mbili bila kuharibika, na vinashiba kuliko biskuti.

Kama makaa yamekwisha

Makaa ni ghali, na si kila siku nyumba inaweza kuwasha moto wa pili. Siku hiyo, kata vipande vya nanasi, papai, ndizi na avoka, uwape watoto vijiti safi wachomeke wenyewe kama mishikaki. Au kamua marakuja katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, ongeza sukari kidogo. Matunda yaoshwe kwa maji safi na mikono inawe kwa sabuni. Katika miji yetu kolera haijasahaulika.

Mambo ya kuchunga

Kwanza, vyuma. Watoto wanapenda waya na vyuma kwa kutengeneza magari. Waya wa kununua au wa hanga ya nguo hauna neno. Lakini chuma chochote kilichookotwa shambani, kando ya barabara, katika nyumba iliyoachwa au mahali palipokuwa na askari, kisiguswe. Risasi, gurunedi na kombora ambavyo havikulipuka vinaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi. Mfundishe mtoto mambo manne, ayajue kama jina lake: usiguse, usirushe jiwe, rudi kwa njia ile ile uliyojia, mwambie mtu mkubwa mara moja. Mzazi naye asiende kukiondoa; awazuie watu kupita na apashe viongozi wa kartiye habari.

Pili, kwa walio Goma, Sake na kandokando: watoto wasichezee kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya volkano, hasa asubuhi na mapema au siku isiyo na upepo. Mazuku, ile hewa mbaya isiyoonekana, hukaa chini, na mtoto mfupi anaivuta kabla ya mkubwa kuisikia. Ukiona ndege au mnyama amekufa hapo bila sababu, ondoka.

Tatu, mbabula iwe nje au mahali penye hewa, na mikono ya sufuria igeuzwe upande ambao mtoto hafiki. Makaa yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanaua watu usingizini.

Nusu saa inatosha

Mzazi anayeamka saa kumi na moja kwenda sokoni na kurudi giza likiingia atauliza: nitapata wapi muda? Kazi hizi hazidai siku nzima. Mpira ni jioni moja. Karanga ni nusu saa. Mdoli anaweza kuanzwa leo na kuvalishwa kesho. Dada mkubwa anaweza kuongoza wadogo, na jirani asiye na mtoto anaweza kukaribishwa.

Mtoto aliyekimbia risasi, aliyelala kanisani au katika kambi, mara nyingi hasemi kilicho moyoni ukimuuliza uso kwa uso. Mikono yake ikiwa na kazi, huku anasokota kamba au anachambua karanga, maneno hutoka yenyewe. Usimkatize. Endelea kufunga makoa yako, msikilize, na ukimaliza fundo la mwisho mpe mpira aupige wa kwanza.