Bodi ya Shule ni Yetu



Mara nyingi twalalamika njiani juu ya michango ya shule, lakini siku ya mkutano wa wazazi twaenda shambani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imetupa nguvu. Katika bodi ya shule ya umma, watu sita huchaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii. Mfadhili, kama vile kanisa, ana watatu. Malipo ya ziada yataka kibali cha waziri na risiti rasmi, na mtoto asikatazwe masomo kwa kukosa kulipa. Basi kikundi kikae kabla ya mkutano. Tuchague watu wanaoweza kuuliza: pesa zilifanya kazi gani? Risiti iko wapi?