Ituri: Habari za vita zipo mtandaoni, ila kuzipata ni kazi

BUNIA – Mkazi wa Bogoro anayetaka kusoma jinsi shambulio la Februari 24, 2003 lilivyoripotiwa wakati ule anahitaji kujua kwanza kijiji chake kilikuwa jimbo gani siku hiyo. Hakikuwa jimbo la Ituri.

Hadi mwaka 2015 Ituri ilikuwa sehemu ya Province Orientale, ambayo iligawanywa na kuzaa majimbo manne: Ituri, Haut-Uélé, Bas-Uélé na Tshopo. Wakati wa Mobutu eneo hilo hilo liliitwa Haut-Zaïre. Mwaka 1999 jeshi la Uganda nalo likatangaza jimbo la Kibali-Ituri. Kwa hiyo tovuti iliyopanga habari zake kwa majimbo inaweza kuwa imeweka vita nzima chini ya jina ambalo kijana wa Bunia wa leo halimjii kichwani anapotafuta.

Hapo ndipo ukurasa wa kumbukumbu, yaani ule unaoorodhesha habari za zamani za tovuti, unapokuwa na uzito wake. WordPress, programu inayotumiwa na vyombo vingi vidogo vya habari duniani, hutengeneza kurasa hizo yenyewe: kwa mwezi, kwa kategoria, kwa lebo, kwa mwandishi. Habari mpya hukaa juu na ya zamani chini, kumi kwa kila ukurasa kama hakuna aliyebadilisha. Kwa duka la viatu mpangilio huo hauna neno.

Kwa redio au gazeti la Ituri una kasoro kubwa. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2022, watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, wilaya ya Djugu. Tukio kama hilo halina habari moja. Kuna taarifa ya asubuhi yenye idadi ndogo, idadi inayopanda siku zinazofuata, mazishi, kauli za serikali, kisha maadhimisho ya mwaka. Ukipanga kwa mwezi, vipande hivyo vinatawanyika, na msomaji anabofya ukurasa baada ya ukurasa huku kifurushi chake cha intaneti kikiisha.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka Kinshasa. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, WordPress inamruhusu mwenye tovuti kujitengenezea makundi yake ya kupanga habari. Kundi la kwanza liwe mahali, kwa ngazi: jimbo, wilaya, sekta au uchifu, kijiji. Majina ya zamani na tahajia tofauti zote zielekezwe pale pale. Kisha kila habari ipewe tarehe mbili, ya tukio na ya kuchapishwa, na orodha ifuate ya tukio, kuanzia la kwanza. Faili ya archive.php, inayoamua sura ya kurasa hizo, inakiliwa na kurekebishwa. Picha ziondolewe, maandishi matupu yanafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Kazi yenyewe ni kurudi nyuma. Mtu anapaswa kukaa na habari za miaka yote, moja moja, akiamua kila moja ni ya kijiji kipi, na lazima awe anajua vijiji hivyo. Kompyuta haitamfanyia.

Umuhimu wake unaonekana kwenye fidia. Machi 2017, mahakama ya ICC iliwatambua waathiriwa 297 wa Bogoro katika kesi ya Germain Katanga na kumpangia kila mmoja dola 250, pamoja na misaada ya pamoja. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, makosa yaliyothibitishwa ni ya kati ya Agosti 2002 na Desemba 2003, kwa hiyo mahali na tarehe ndivyo vinavyoamua nani anahusika. Habari ya zamani haichukui nafasi ya ushahidi, lakini inamsaidia mama aliyekimbia bila karatasi kukumbuka ni wiki gani kijiji kilichomwa.

Kuna upande wa pili, nao si mdogo. Ukurasa unaomsaidia mama huyo unamsaidia pia anayetafuta nani alisema nini dhidi ya nani. Mjini The Hague, mashahidi wengi wa Ituri walitajwa kwa herufi na namba, nyuso na sauti zao zikifichwa. Habari ya mwaka 2003 iliyomtaja manusura kwa jina ilikuwa imezama. Ikiwekwa chini ya jina la kijiji chake, inaibuka kwa mbofyo mmoja, na Djugu bado haijatulia.

Ndiyo maana upangaji huu usiachiwe fundi wa kompyuta peke yake. Mhariri apitie kwanza, aondoe majina ya waathiriwa na watoto kwenye orodha na kwenye vichwa vya habari, na kurasa zenye ushuhuda zifungwe ili injini za utafutaji zisizionyeshe. Msomaji atapata tarehe, mahali na tukio. Anayetaka zaidi ya hapo aandikie chumba cha habari na kueleza yeye ni nani.